Unga wa Kosmas na Goti Langu

Jumatatu, 4 Machi 1974

Mpingo mgumu leo. Nimekaa chini tangu asubuhi, gogo katikati ya nyayo, magoti yamekunjwa, kama tunavyokaa sote hapa banda la wachongaji, Temeke. Tezo ikateleza kwenye fundo la mti. Ikanigonga goti la kulia, upande wa ndani. Kijeraha kidogo kama ukucha. Damu haikuwa nyingi. Nimepaka majivu, nimefunga kitambaa, nimeendelea na kazi.

Nguzo ya ujamaa imefika watu kumi na mmoja, mmoja juu ya mabega ya mwenzake. Mwenyekiti wa ushirika wetu anaitaka kabla ya maonyesho ya Saba Saba. Yule wa chini kabisa, anayewabeba wote, nimempa pua ya rafiki yangu Kosmas. Hajui bado. Akiiona atacheka mpaka akohoe.

Unga wa dawa wa Kosmas nimekunywa asubuhi. Kijiko kimoja. Mchungu kama kawaida.

Alhamisi, 7 Machi

Foleni ya sembe dukani. Tumesimama tangu saa moja. Tumepata unga wa njano, na tumeshukuru. Mjumbe wetu wa nyumba kumi alinitazama usoni, akasema mbele za watu, "Benedikti, sie tunakonda, wewe mashavu yanaongezeka. Mwenzetu unakula wapi?" Wakacheka. Mmoja akaniita naizi, kama bwana mkubwa wa ofisini. Nikacheka nao, lakini ilinikera. Mchonga vinyago na unaizi wapi na wapi.

Kweli nimenenepa. Uso umekuwa duara. Tumbo limetoka mbele. Mikono na miguu myembamba vilevile, hilo sijalielewa. Asumpta mke wangu anasema ni afya, tuache watu wahusudu.

Mwaka jana wakati kama huu sikuweza kufunga kifungo cha shati langu mwenyewe. Baridi yabisi ilikuwa imenikamata vidole, viwiko, magoti. Asumpta ndiye aliyekuwa akinivisha. Nilikuwa nakaa bandani natazama wenzangu wakichonga, nalia kwa ndani. Kosmas akaniletea unga wa mzizi wa babu yake. Siku ya tatu nikashika tezo. Siku ile siisahau.

Jumamosi, 16 Machi

Kosmas alikuja na wageni. Wanawake wawili wa Tandale na baba mmoja wa Ukonga, wote wagonjwa wa viungo. Huniletea watu hivi mara nyingi siku hizi. Akaniambia niinuke, nichuchumae, nikunje vidole. "Muoneni huyu. Alikuwa maiti huyu." Wageni wakanishika mikono, wakastaajabu. Nikajisikia mtu muhimu.

Wao huuziwa. Mimi hupewa bure, tangu siku ya kwanza. Sisi si marafiki tu. Mimi na Kosmas tuliingia jandoni siku moja kule kwetu, kibanda kimoja, mkeka mmoja. Siku zile kidonda kilipokuwa kibichi tulikatazwa kugusa chakula kwa mkono wetu. Yeye alinilisha mimi, nami nikamlisha yeye, na jicho halitakiwi kutazama kilicho kiganjani. Hiyo ndiyo mila yetu. Aliyekulisha kibandani humuulizi kuna nini mkononi, si siku ile wala siku yoyote mpaka kufa.

Asumpta si wa kwetu, ni wa Songea. Leo kaniuliza, mzizi wenyewe unaitwaje? Nikamwambia hayo hayaulizwi. Yeye Kosmas anatunza stoo ya dawa kwenye zahanati moja huko mjini. Mtu anayelala na dawa za Kizungu halafu anaamini za babu yake, basi za babu yake ni kiboko. Ndivyo ninavyoona.

Jeraha la goti halijafunga.

Jumatatu, 25 Machi

Wiki tatu sasa. Nimekatwa na tezo mara mia katika maisha yangu na sijawahi kuona jeraha la siku zaidi ya tano. Hili limekaa wazi kama mdomo. Haliumi. Goti limevimba kidogo. Haliumi hilo nalo.

Nimemwonyesha Kosmas. Kaangalia kwa muda. Kaniambia niongeze unga, vijiko viwili, asubuhi na jioni. Nilidhani atasema jambo jingine. Uso wake haukunipendeza, lakini labda ni uchovu.

Jumatano, 3 Aprili

Nachonga kama mwenye jini. Usingizi hauji, njaa haiishi. Nimemaliza watu kumi na wanne. Wenzangu wananiita mashine.

Jeraha linatoa maji ya njano. Harufu. Nabadilisha kitambaa mara tatu kwa siku, nakitupa mbali ili wenzangu wasijue. Homa sina. Asiye na homa si mgonjwa, kwa hiyo si mgonjwa. Nimejiambia hivyo leo kutwa.

Ijumaa Kuu, 12 Aprili

Kanisani watu wote wamepiga magoti, mie nimesimama kama nguzo ya simu. Goti halikunji. Nililisukuma kwa mkono, likagoma. Padri alinitazama. Mabibi wa mstari wa mbele nao wakageuka. Aibu tupu.

Njiani Asumpta amenisema kutoka kanisani mpaka nyumbani. Anataka hospitali. Jioni Kosmas alipita, nikamweleza. Akakunja uso. "Bene ndugu yangu, ukienda kule watakukata mguu. Wao wakishindwa wanakata. Mie nipo nao kila siku, nawajua." Akaniachia unga zaidi.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Mchongaji hukaa chini akashika gogo kwa miguu miwili. Akiwa na mmoja anashika nini?

Jumatatu, 22 Aprili

Asubuhi nilikuwa nafungua kitambaa. Kitu cheupe kimechungulia jerahani. Nimekivuta kwa kucha. Kimetoka bila maumivu, kidogo kama punje ya mchele iliyovunjika, upande mmoja mkali.

Nimekaa nacho kiganjani. Nimeishi na vibanzi tangu utoto. Nakijua kibanzi cha mpingo, cha mninga, cha pembe. Hiki ni cha mfupa. Ni changu.

Nimemwita Asumpta.

Jumanne, 23 Aprili

Hospitali kubwa. Wamenipiga picha ya goti, kisha wakanilaza. Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Daktari ni kijana wa Kihaya, mpole, anasema "pole mzee" ingawa mimi sijafika arobaini. Kumbe ndivyo ninavyoonekana.

Anasema vijidudu viliingia kwa kijeraha cha tezo, vikashuka kwenye kiungo, sasa vinakula mfupa. Wametoboa kwa sindano nene, usaha umejaa bakuli. Akashangaa. Kaniwekea kiganja kwenye paji la uso, kaninyanyua kope, kaishika shingo yangu kwa nyuma pale ilipotunga nundu ya mafuta. Akauliza, natumia dawa gani?

Nikasema hakuna.

Jumatatu, 29 Aprili

Sindano za penisilini, matako yamekuwa magumu kama ubao. Usaha haupungui. Daktari ameuliza tena habari ya dawa. Mara ya tatu hii. Leo kaniuliza hadi kama natumia dawa za kienyeji, akaahidi hatanigombeza. Nimesema hakuna, daktari. 

Saa ya kuona wagonjwa Kosmas alikuja. Alivaa shati jipya. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaninong'oneza, "Usiutaje unga. Kazi yangu itakwenda, Bene. Tumelala mkeka mmoja." Akatoa mkate. Ndani ya mkate alikuwa amechimba tundu, akatia vikaratasi kumi vya unga, vimekunjwa vizuri kwa gazeti. Nimevificha chini ya godoro. Nakunywa manesi wakiwa upande wa pili.

Nimejiuliza kidogo. Mzizi wa babu na kazi ya zahanati vinahusianaje? Kisha nimejikataza kujiuliza.

Ijumaa, 3 Mei

Daktari amekaa kitini, si kawaida yake. Kaniambia waziwazi. Atasubiri wiki hii na ijayo tu. Usaha ukiendelea kuingia mfupa wa paja, atakata juu ya goti kuokoa roho yangu. Anachoshindwa kuelewa ni mwili wangu. Usaha wote huu, na homa hakuna. "Mwili wako haupigani, mzee. Umekaa tu unatazama."

Kitanda cha pili kuna mzee mwenye sukari, kidole cha mguu kimeoza mpaka mfupani. Kwake yeye wanaelewa, sukari ndiyo iliyomlegeza. Kwangu hawaelewi. Nilitaka kusema. Neno lilifika hapa kooni. Nikauona ule mkeka wetu, nikalimeza.

Jumatano, 8 Mei

Vikaratasi vimeisha tangu juzi. Kosmas hajaja. Namtazamia mlangoni kila saa ya wageni kama mtoto anayemngoja mama yake atoke sokoni. Viungo vyote vinauma, hata taya. Tumbo linavurugika.

Ijumaa, 10 Mei

Jana nilianguka. Nilikuwa naelekea chooni na magongo, dunia ikageuka. Nimetapika kila kitu. Nesi anasema presha ilishuka wakadhani nimekwenda. Wamenipa maji ya mshipani. Mwandiko huu mbaya ni wa mkono unaotetemeka.

Asumpta alikuwa analia. Nikamwambia kila kitu: vijiko, vikaratasi, mkate. Nikamtuma Tandale kwa Kosmas akalete unga. Ndiyo, nimemtuma. Nilidhani nakufa kwa kuukosa.

Jumamosi, 11 Mei

Amerudi. Hakuleta unga. Ameleta habari, na ni afadhali angeleta nyoka.

Kosmas hakuwepo, au alijificha. Alimkuta mama yake, Mama Kosmas, yule aliyenipikia nilipofika mji huu mara ya kwanza sina pa kulala. Yuko mkekani. Vidole vyake vimepinda, magoti yamekakamaa, baridi yabisi ileile ya kwangu. Anatambaa kwenda uani. Asumpta akamuuliza, mama, mbona hunywi unga wa mwanao, mbona mume wangu alipona?

Mama Kosmas akasema, niliuomba. Mara nyingi niliuomba. Kaniambia, "Hapana mama, ule si wako. Ule una mwisho mbaya." Akanipeleka hospitali kuchomwa sindano.

Nimeyaandika maneno hayo kama Asumpta alivyoyasema. Una mwisho mbaya. Alijua. Alijua tangu siku ya kwanza. Mama yake kampeleka hospitali akachomwe sindano kama watu wote, mimi akaninywesha. Aliponambia niongeze kijiko, alijua. Aliponambia nisiende hospitali, alijua. Akanisimamisha mbele ya wageni wake, chuchumaa Bene, kunja vidole Bene. Nilikuwa bango lake la dukani.

Babu yake hakuacha mzizi wowote. Babu yake alikuwa mvuvi wa mto Ruvuma. Nilikuwa namjua.

Sina hasira. Nimeandika uongo. Nina hasira mpaka meno yanauma.

Jumapili, 12 Mei

Nilipapasa chini ya godoro nikapata kikaratasi kimoja, kina vumbi kidogo kwenye mikunjo. Daktari alipopita nikamkabidhi.  Nikasema, nimekudanganya mara tatu, daktari.

Hakunigombeza. Akagusa vumbi kwa ulimi, akatema. Akaenda akarudi na kidonge kidogo cheupe, akakiponda kwenye kijiko mbele yangu, akaniambia nionje. Uchungu uleule. Jina lake predinisoloni. Ni dawa ya kweli, anasema, nzuri mkononi mwa anayejua. Ndiyo iliyonipa vidole vyangu, na ndiyo iliyonipa mashavu haya na nundu ya shingoni. Na ndiyo iliyowalaza walinzi wa mwili wangu. Vijidudu vikaingia gotini vikakuta nyumba haina mlinzi. Ndiyo maana hapakuwa na homa wala maumivu. Ugonjwa ulikuwa unapiga kelele, dawa imeuziba mdomo.

Na kuiacha ghafla ndiko kulikoniangusha. Kwa hiyo ananipa ileile tena, kwa kipimo, atakuwa anaipunguza polepole. Nimecheka. Kwanza nimeikimbilia, sasa nimeiogopa, na bado lazima niimeze.

Akauliza, nani aliyekupa?

Nikasema, niache mpaka kesho.

Jumanne, 14 Mei

Kesho ilikuwa jana, na jana sikusema. Leo asubuhi yule baba wa Ukonga kaletwa wodini kwa machela, yule aliyenishika mikono bandani akastaajabu. Ugonjwa ni wa nyonga. Uso duara kama wangu. Alinitambua. Akalitazama goti langu lililofungwa.

Mimi ndiye niliyemwonyesha kwamba unga unaponya. Kwa magoti yangu haya.

Nimemwita daktari. Nimesema: Kosmas, mtunza stoo, anakaa Tandale nyuma ya soko la ndizi. Mlango wa buluu. Nimelisema jina lake la utoto na la jandoni pia, ingawa hawakuyahitaji. Nilitaka nisibakize kitu.

Ijumaa, 24 Mei

Nimerudiwa na fahamu. Jumanne walinipeleka chumba cha upasuaji. Kabla hawajanilaza nikaona meza. Patasi. Nyundo. Tupa. Koleo. Vyote vya chuma cheupe, vimepangwa kwa ukubwa kama ninavyopanga vyangu. Nikamwambia daktari, kumbe tuna kazi moja. Akacheka. Nikamwomba afuate uzi wa mfupa, asikate kukingama. Akasema, "Haya fundi, nimesikia." Nikalala.

Wamekwangua mfupa wote uliooza. Wameniokolea mguu. Lakini kiungo chenyewe kilishaliwa, kwa hiyo wameunganisha paja na muundi viwe mfupa mmoja ulionyooka. Goti halitakunja tena. Kamwe. Nina plasta kutoka nyonga mpaka kifundo.

Nimemshukuru daktari, na nimemshukuru Mungu. Kisha nimegeukia ukuta.

Jumatano, 12 Juni

Homa leo. Daktari amefurahi kuona homa! Anasema mwili umeamka, umeanza kugombana. Mashavu yamepungua. Vidole vimeanza kukakamaa tena, ameniandikia aspirini.

Kosmas amefungwa. Yuko gereza la Ukonga. Walikuta makopo ya vidonge chini ya kitanda chake.

Watu wa kwetu hawaji kuniona. Tangu jina lake litajwe, hakuna hata mmoja aliyeukanyaga mlango huu, na hapo mwanzo walikuwa wanajazana mpaka nesi anawafukuza. Asumpta alikutana na mmoja wao kituo cha basi, akaulizwa, "Kweli mumeo kamtoa mtu wa mkeka wake kwa askari?" Haya. Yeye kaninywesha sumu mwaka mzima na mimi ndiye msaliti. Ningekufa kimya wangenililia vizuri, wangesema Bene alikuwa mtu wa mila.

Najisikia vibaya kwamba maneno yao yananiuma. Lakini yananiuma.

Yule baba wa Ukonga alifariki Jumapili. Sijui jina lake kamili mpaka leo.

Jumatatu, 8 Julai

Nyumbani, Temeke. Natembea kwa gongo moja. Mguu umenyooka kama mchi. Kuketi chini siwezi, kuchuchumaa siwezi, chooni ni vita. Asumpta amenitobolea kiti.

Nilijikokota hadi bandani. Wenzangu waliinuka, wakanipa benchi, wakazungumza habari za mvua. Nguzo yangu haipo. Waliimalizia wao, ikapelekwa Saba Saba, ikanunuliwa siku ya kwanza na Mzungu mmoja. Nimewauliza kama waliigusa sura ya yule wa chini. Hawakuigusa. Wanasema ndiyo iliyosifiwa zaidi, kwa jinsi alivyobeba watu bila kulalamika.

Basi Kosmas amekwenda Ulaya, pua yake na kila kitu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wenzangu wakadhani nalia.

Jumatano, 17 Julai

Nimejaribu kuchonga nimesimama. Gogo nimelifunga kwenye benchi kwa kamba. Tezo inashuka vibaya, mkono hauna mahali pa kuegemea. Kutwa nzima nimetoa kikombe kimoja cha kuwekea kalamu, na kimepinda. Nimekiweka dirishani. Kesho tena.

Jumapili, 28 Julai

Saa nne nilikuwa barazani. Mama Kosmas akaingia uani. Kutoka Tandale mpaka hapa, na miguu ile. Amebeba kibakuli kilichofungwa kwa kitambaa. Sikujua niinuke au nijifanye nimelala. Nikainuka, kwa gongo.

"Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, kaa, kaa, usisimame." Akakaa mkekani kwa taabu, nami kwenye kiti changu kirefu. Wagonjwa wawili wa viungo, mmoja hawezi kunyanyuka, mwingine hawezi kukunja. Tukatazamana kwa hilo. Hakuomba msamaha wa mwanawe wala hakumtetea. Alisema alikwenda Ukonga kumwona, amekonda. Nikasema mie nami nimekonda. Akasema ameona, sasa nimerudi kuwa na sura yangu.

Kisha akafungua kitambaa. Hakunipa kijiko. Akamega kwa vidole vyake vilivyopinda, akanyoosha kiganja kuelekea mdomo wangu, jinsi tunavyolisha kule kwetu. Nikajua anachofanya. Anaulizia kama bado mimi ni wa nyumbani kwake.

Nilitazama kile kiganja. Kwetu hatutazami, mie nimetazama. Na nikauliza, jambo ambalo sijawahi kumuuliza mtu wa kwetu tangu nizaliwe: "Mama, kuna nini humu?"

Mkono ulitulia hewani. Nilidhani atauondoa, na ningemwelewa. Macho yakamjaa maji, lakini mkono hakuushusha. Akanijibu taratibu, kimoja kimoja. "Muhogo, mwanangu. Nimeutwanga mwenyewe. Karanga. Tui la nazi. Chumvi."

"Basi?"

"Basi."

Nikala. Asumpta akaleta maji ya kunawa, tukamaliza bakuli sote watatu.